Video ya saa nzima ya zabibu: ukate wapi, na wapi usiguse

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Hombolo, Dodoma, nashughulikia mawasiliano katika chama cha ushirika cha wakulima wa zabibu. Afisa ugani akija kufundisha shambani narekodi kwa simu mwanzo hadi mwisho, kisha napandisha YouTube. Video ya kupogoa ina saa moja na dakika 12, na watu wengi wanaondoka kabla ya dakika ya tatu. Wanachama wanasema hawana bando la kutazama saa nzima, wanaomba vipande vifupi vya stetasi na TikTok. Niliigawa kwa dakika moja moja, vikatoka vipande 72, na hakuna aliyevielewa. Nimesikia pia kuna programu za akili bandia zinazokata zenyewe. Nina simu na laptop ya ofisi tu. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kazi. Video yako ya kupogoa nimeitazama yote. Afisa ugani wenu anafundisha vizuri, anashika tawi mkononi badala ya kuongea tu, na wakulima wanamuuliza bila woga. Mali unayo. Kilichokuangusha ni kukata kwa kufuata saa, wakati somo lenyewe halikufuata saa. Dakika yako moja inaanza mtu akiwa katikati ya sentensi, inaisha hajafika kwenye jambo lenyewe. Aliyekutana na kipande cha 44 kwenye stetasi hajui kama kulikuwa na cha 43.

Kipande kinachosimama chenyewe kina swali moja ambalo mkulima anajiuliza kweli, jibu la swali hilo, na sharti lake: jibu hili linafaa lini, na kwa mzabibu upi. Sharti ndilo linaloachwa mara nyingi, na kwenye kilimo ndilo linalowatia watu hasara. Nitalirudia hapa chini kwa mfano kutoka kwenye video yako.

Kabla hujafungua programu yoyote ya kuhariri, chukua daftari. Cheza video kwa kasi ya moja na nusu, na kila mtu anapouliza kitu, au mikono ya afisa inapofanya kitu, andika dakika na sekunde. Pembeni andika swali lenyewe kwa maneno ambayo mkulima wa Hombolo angeyatumia, usiandike kichwa cha somo. "Kanuni za upogoaji" si swali la mtu. "Nikate wapi ili tawi lizae?" ni swali. Ukifika mwisho utakuta kwenye saa nzima una vipande sita, saba, labda kumi. Usishangae, na usilazimishe vifike 30. Salamu, utambulisho wa viongozi, maelezo ya historia ya chama, yote hayo yana mahali pake kwenye video kamili.

Na daftari hilo litakufanyia kazi ya pili. Nakili zile dakika kwenye maelezo ya video yako ya YouTube, ya kwanza iwe 0:00, ziwe tatu au zaidi, na kila sehemu isipungue sekunde 10. YouTube yenyewe itaigawa video katika sura. Mwanachama mwenye bando dogo atabonyeza moja kwa moja sura ya magonjwa bila kupitia mengine yote. Kwa kweli ningeanza na hili leo hii, maana halihitaji kukata chochote.

Sasa tuingie kwenye kipande kimoja tukione kwa karibu. Dakika ya 31 mzee mwenye kofia ya kitambaa anauliza: "Mbona mimi wangu nilipogoa vizuri tu na haukuzaa?" Hilo ni swali la dhahabu, kwa sababu kila mwenye shamba la zabibu ameshaliuliza moyoni. Afisa anacheka kidogo, anasimulia shamba la mtu mwingine, kisha karibu sekunde 50 baadaye anashika tawi, anahesabu macho mawili (pale machipukizi yanapotokea) kutoka kwenye shina, na anakata juu kidogo ya jicho la pili, kwa mshazari. Mikono inaonekana vizuri, mkasi unaonekana. Ungeishia hapo ungekuwa na kipande kizuri cha sekunde 35, na pengine kingesambaa.

Lakini endelea kusikiliza. Dakika ya 34 na sekunde kama 20, mama mmoja anadakia, na afisa anasema kwamba hiyo hesabu ya macho mawili ni kwa mzabibu uliokwisha kutengenezwa umbo, na kwamba mche mchanga una utaratibu wake mwingine. Hilo ndilo sharti. Limekaa dakika mbili na nusu mbali na jibu, na ukikata kwa haraka halimo. Mtu mwenye miche ya mwaka wa kwanza atatazama sekunde zako 35, atachukua mkasi, ataingia shambani. Amefuata ulichomwonyesha.

Basi hariri hivi. Anza na swali la mzee, bila muziki, bila nembo ya chama inayozunguka, sauti yake iwe kitu cha kwanza kusikika. Ruka ile hadithi, nenda mkononi kwenye tawi. Baada ya mkato wa mkasi, ruka hadi dakika ya 34 uchukue sentensi moja ya afisa kuhusu mche mchanga. Inatosha. Utapata sekunde 45 au 50. Pale ulipounganisha acha mkato uonekane, usiufiche kwa madoido. Mtazamaji ana haki ya kujua kwamba hapo kuna maneno yameruka. Na mpangilio usigeuze maana: ukichukua jibu la swali moja ukalibandika kwenye swali jingine, hata kama maneno yote ni ya afisa mwenyewe, umemsemesha jambo ambalo hakulisema. Sisi wa Dodoma tunaishi jirani na Bunge, tunajua nusu ya sentensi ya mtu ikizunguka kwenye magrupu jioni inavyofanya kazi. Afisa wenu ana jina la kulinda mbele ya wakulima wake.

Kuna sehemu moja ya video ambayo nakushauri usiikate kabisa kama huna uhakika wa kuitimiza: ile ya dawa ya salfa na ugonjwa wa ubwiri unga. Anataja kipimo, anataja bomba la mgongoni, anaeleza mavazi ya kujikinga, na mwisho kabisa anataja siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Kwenye video nzima vyote vinashikamana. Ukitoa kipimo peke yake unasambaza kipimo bila kinga na bila siku za kusubiri, kwa watu ambao huenda wana dawa ya chapa nyingine yenye maelekezo mengine. Ikiwezekana yote manne yakae kwenye kipande kimoja cha dakika mbili, weka, na uandike kwa herufi kubwa kwamba msomaji afuate lebo ya dawa aliyonayo. Isipowezekana, tengeneza kipande kinachoonyesha tu dalili za ugonjwa, ule unga mweupe kwenye majani na vishada, halafu uwaelekeze kwenye video kamili au kwa afisa mwenyewe. Wakulima hawatakulaumu kwa kipande ambacho hukukitoa.

Tuje kwenye umbo. Umerekodi kwa simu iliyolala, picha ya nukta 1920 kwa 1080, upana kwa urefu. TikTok, Reels za Instagram na Shorts za YouTube zinataka picha iliyosimama, 1080 kwa 1920. Ukichonga wima ndani ya picha yako unabaki na upana wa nukta kama 607, chini ya theluthi moja ya ulichorekodi, halafu programu inavuta hizo 607 zijaze 1080. Ndiyo maana majaribio yako yalitoka kama yamefunikwa na vumbi. Pia afisa akisogea hatua mbili anatoka kwenye fremu.

Una njia tatu. Ya kwanza ni kuisogeza fremu imfuate, programu za kuhariri CapCut na InShot zote zinafanya hivyo kwenye simu, ila ni kazi ya kukaa chini na subira. Ya pili ni kugawa kioo mara mbili, mikono na tawi juu, uso wa anayeongea chini. Kwa somo la kupogoa naipenda kwa sababu mkulima anaona mkono na mtu kwa pamoja. Ya tatu, ambayo watu wanaidharau bila sababu, ni mraba, 1080 kwa 1080. Haijazi kioo chote, lakini inabakiza zaidi ya nusu ya upana wa picha yako, na pale juu na chini unapata nafasi ya kuandika swali. Kwa video hizi za zamani ulizokwisha kurekodi, mraba utakuokoa. Kitu nisichokushauri ni kuweka video iliyolala katikati na kuizungushia ukungu wa picha yenyewe. Tawi linakuwa dogo mno, na tawi ndilo somo.

Safari ijayo ukienda shambani omba simu ya pili kwa mwanachama, isimamishe wima karibu na mikono, irekodi zile nyakati za kushika mti tu. Kama simu yako inarekodi 4K, hiyo nayo inasaidia: ukichonga wima ndani ya 3840 kwa 2160 unapata nukta 1215, zaidi ya unazohitaji. Ila usirekodi 4K saa nzima chini ya jua la Hombolo. Simu itachemka na kujizima, na memori itajaa kabla ya chakula.

Sauti. Hapa nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu mtu anavumilia picha yenye ukungu lakini sauti mbaya haivumiliki. Upepo wetu wa kiangazi unaujua. Kwenye video yako kuna dakika nzima, kuanzia ya 18, ambapo upepo unamfunika afisa kabisa, na hakuna programu itakayoirudisha. Nunua maiki ndogo ya kubana kwenye kola, yenye sponji au manyoya, hata iwe ya waya. Kwa video ulizonazo, tafuta kwenye programu ya kuhariri mahali pa kupunguza sauti nzito, ukate zilizo chini ya hezi 100 hivi. Ule mvumo wa upepo utapungua na sauti ya mtu itabaki. Swali la mzee limerekodiwa mbali, liongeze sauti peke yake lilingane na sauti ya afisa. Usiongeze video nzima.

Halafu maandishi. Watu wengi wanatazama kwenye daladala, dukani, au usiku watoto wamelala, bila sauti. Lazima maneno yaonekane. Ule mtindo wa neno moja moja linalorukaruka katikati ya kioo achana nao. Maneno yetu ni marefu, "hawajaupogolea" peke yake linajaza upana wa simu, na jicho la mtu wa makamo haliwezi kufukuzana nalo. Weka maneno matatu hadi matano kwa mstari, mistari miwili, ikae sekunde mbili au tatu. Kata mstari pale mtu anapopumua. Usiache "ya" au "kwa" inaning'inia mwishoni mwa mstari na nomino yake iko chini. Maandishi yasikae chini kabisa wala ukingo wa kulia, maana huko ndiko programu zinakoweka jina la akaunti, maelezo na vitufe vyake. Acha karibu robo ya chini wazi.

Ukitumia programu inayoandika yenyewe kutokana na sauti, soma kila neno kabla ya kupandisha. Kiswahili inakipata kwa kiasi, lakini majina ya dawa, majina ya aina za zabibu kama Makutupora Red na Chenin Blanc, na maneno ya Cigogo yanayochomekwa katikati, inayaharibu. Namba ndizo za kuangalia mara mbili. "Mililita" ikiandikwa "lita" hakuna atakayesikiliza sauti kulinganisha, atasoma na kuchanganya dawa.

Na kwa kuwa nimetaja Cigogo: yule mama anayedakia dakika ya 34 anaanza kwa Cigogo kabla ya kugeukia Kiswahili. Usimkate. Acha aongee, weka Kiswahili kwenye maandishi. Wazee wenu watasikia lugha yao kwenye simu, na vijana wa Bihawana au Mpunguzi watasoma. Ni kipande ambacho hakuna chaneli ya mbali itakayowapa.

Urefu usikusumbue sana. YouTube tangu tarehe 15 Oktoba 2024 inakubali Shorts za hadi dakika tatu, na Instagram ilifuata na Reels za dakika tatu Januari 2025. Stetasi ya WhatsApp ilikuwa sekunde 30, ikafika dakika moja mwaka 2024. Kwa kuwa wanachama wako wengi wako WhatsApp, lenga chini ya dakika moja popote sharti linapoingia humo, na kipande hichohicho kitafaa kote. Kwenye magrupu, kama unataka ukali wa picha ubaki, kitume kama hati na si kama video ya kawaida. Kitakula bando zaidi, kwa hiyo fanya hivyo kwa vile vyenye mikono na matawi tu. Kwenye Shorts, viungo unavyoandika kwenye maelezo na komenti havibonyezeki tangu mwaka 2023. Tumia sehemu ya video inayohusiana, unapopakia, uiunganishe na video kamili.

Kuhusu programu za akili bandia: zijaribu kama msaidizi wa kutafuta, usizifanye mhariri. Kwanza bando. Simu inarekodi takribani megabaiti 60 hadi 130 kwa dakika kwa ukali wa kawaida wa 1080, kulingana na simu yenyewe, hivyo video yako ya dakika 72 ni gigabaiti nne hadi tisa za kupandisha kabla hazijafanya lolote. Pili, nyingi zinachagua kwa kusoma maandishi zilizoyapata kwenye sauti. Maandishi ya Kiswahili yakiwa na makosa, uchaguzi nao unakosea. Tatu, na hili ndilo zito, hazijui kwamba sentensi ya dakika ya 34 ni sharti la jibu la dakika ya 31. Wewe uliyesimama pale unajua. Kwa kukata kwenye laptop, DaVinci Resolve ina toleo la bure lenye kila kitu unachohitaji, lakini inadai mashine yenye nguvu. Laptop ya ofisi ikilalamika, CapCut ya simu inatosha kabisa.

Muziki nitaupitia haraka. Usiweke wimbo wa Bongo Flava unaovuma juu ya somo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya mwaka 1999 na COSOTA, wasimamizi wa hakimiliki, wapo, na YouTube nayo inazuia kabisa Short inayozidi dakika moja ikikutwa na dai la wenye wimbo. Mkasi, upepo mdogo na watu wakiongea vinatosha. Mkitaka mlio wa kuanzia, kikundi cha muheme, ngoma ya Wagogo, cha akina mama wa kijijini kirekodini nyinyi wenyewe, kwa makubaliano ya maandishi na kwa malipo.

Bado kuna watu waliomo kwenye picha. Mzee yule alikubali kurekodiwa akiwa mmoja wa watu 30 darasani. Kuwa peke yake kwenye kipande cha sekunde 45, akisema shamba lake halikuzaa, kinachotazamwa na majirani, wanunuzi na watu wasiomjua, ni jambo jingine. Mfuate nyumbani, mwonyeshe kipande kwenye simu yako kabla hujakipandisha, umuulize. Akikataa, mwombe afisa alisome swali kwa sauti yake. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na sura na sauti inayomtambulisha mtu ni zake. Lakini hata kabla ya sheria, yule ni mzee wenu, na mtaendelea kukutana naye kwenye mizani. Watoto wanaopita nyuma ya kamera usiwaweke.

Usipandishe vipande vyote wiki moja. Zabibu ya Dodoma inavunwa mara mbili kwa mwaka, na kila mzunguko una wakati wake wa mkasi, wa ukungu na wa vishada kuiva. Kipande cha kupogoa kitoke wiki moja au mbili kabla watu hawajashika mikasi, tena asubuhi mapema au baada ya magharibi, muda ambao mtu yuko na simu. Cha dalili za ubwiri unga kisubiri majani yaanze kutoka. Mzunguko ujao utavirudisha vilevile, hakuna atakayechoka, kwa sababu swali limerudi.

Idadi ya waliotazama iangalie, lakini angalia zaidi ule mchoro wa YouTube unaoonyesha watu wanaondoka sekunde ya ngapi. Wakiondoka sekunde ya tatu, swali lako limechelewa kuanza. Wakiondoka pale ulipounganisha, mkato wako umewachanganya. Na maswali yanayoingia kwenye grupu baada ya kipande, yaandike kwenye daftari lilelile. Mtu akiuliza "na huo mche mchanga sasa nikate vipi?", hilo ndilo la kumpelekea afisa ugani siku atakaporudi, na ndilo utakalolirekodi kwa ile simu ya pili.

Faili zako za asili zitunze kwenye diski ya nje, ziwe na tarehe na jina la shamba, usitegemee nakala ya YouTube wala ile iliyopita WhatsApp, maana zote zimeshabanwa na zikikatwa tena zinafifia. Ukimaliza kipande cha yule mzee, nitumie kabla hujakipandisha. Nitapitia maandishi na pale ulipounganisha.